Adapta ya Baba Anayenyonyesha

Krrrr! Ndivyo redio yetu ilivyokwaruza kabla ya kushika stesheni, na mpaka leo nikinusa plastiki mpya naisikia. Adapta yake ilikuwa imeungua, mama akanituma sokoni Kebirigo nikanunue nyingine, na redio mkononi. “Ukileta ya kunichomea redio, tutakosana.”

“Redio ni ya baba,” nilimwambia mwenye duka.

“Basi baba aje mwenyewe. Mtoto atajuaje volti?”

“Baba hawezi, ananyonyesha.”

Duka zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimechanganya lugha: kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mama ndiye tunayemwita baba!

Akiwa bado anacheka, mwenye duka akanipa adapta ya volti tisa. Nikageuza redio, nikamwonyesha maandishi ya mgongoni: sita. Kicheko kikakatika.

“Haya, fundi,” akasema, akanitafutia ya sita.

Nyumbani mama alibaki mlangoni na mtoto mchanga, akiogopa moshi. Nikaingia, nikaichomeka adapta peke yangu, plastiki yake mpya ikinukia. Krrrr!