Noti Aliyoikosea Nokwezi Mtyeku

Kwa miaka thelathini na mmoja Nokwezi Mtyeku aliuguza wagonjwa wa akili, na wodini kwake hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Mgonjwa akirusha kiti, yeye ndiye aliyeitwa. Lakini kila Alhamisi saa kumi jioni, akikata kona kuelekea nyumbani kwa Tata Gqola, pale New Brighton, Afrika Kusini, viganja vilimtoka jasho hadi akavipangusa kwenye sketi.

Gqola, ambaye wote walimwita Tata, yaani baba, alikuwa mzee aliyepiga piano kwenye mahoteli tangu ujana wake, na sasa alifundisha muziki wa jazi sebuleni. Nokwezi alijua piano ya kanisani tangu utotoni. Ukimwekea karatasi mbele, hakosei. Taabu ilianza mzee alipoiondoa karatasi na kusema, "Haya, sasa sema ya kwako," yaani apige yanayomjia mwenyewe. Hapo vidole viliganda.

"Mama, vipi tena? Nani kafa?"

"Naogopa kukosea, Tata."

"Kosea! Hapa hakuna mchungaji. Kuna mke wangu tu jikoni, naye ni kiziwi."

"Nimekusikia!" mkewe akajibu huko huko jikoni.

Nokwezi alicheka, ila hakupiga. Na mzee alikwisha kumwandikisha: Jumapili ya mwisho ya Agosti, mchana, wanafunzi wake wote wangepiga ukumbini mbele ya watu. Zilibaki wiki tano. Usingizi ukampaa.

Miezi hiyohiyo hospitali ilimpeleka kwenye kozi ya Jumamosi asubuhi, katika nyumba ya sanaa mjini. Daktari Ilse Roodt, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliwafundisha wauguzi nadharia ya uchambuzi wa nafsi. Nokwezi alikwisha kukisoma kijitabu chake mara tatu asiambulie kitu. Siku hiyo daktari aliwafungisha vijitabu, akawakalisha mbele ya mchoro mmoja: mwanamke amekaa akitazama ukuta, na nyuma yake mlango uko wazi nusu.

"Msiniambie mchoraji alitaka nini," akasema. "Semeni linalowajia kichwani, hata liwe la kipuuzi."

"Amechoka kupika," akasema muuguzi mmoja, watu wakacheka.

Nokwezi akajisikia akisema, "Hawezi kugeuka. Akigeuka tu, watajua."

"Kina nani?" daktari akauliza.

Nokwezi akautazama tena mchoro.

"Kwenye mchoro yuko peke yake," daktari akasema kwa upole. "Hao wengine umekuja nao wewe."

Kisha akawaeleza wote kwamba kuna mambo ambayo nafsi huyasukuma chini ili mtu aendelee kuishi. Hayafi. Hutokea kwingine: katika ndoto, katika neno lililoteleza, katika mkono unaokataa kazi. Aliposikia habari ya mkono, Nokwezi aliinuka, akaenda kujifungia chooni.

Huko ikamrudia siku moja ya mwaka 1977, naye ana miaka kumi. Kaka yake Mncedisi, mwanafunzi aliyekuwa akisakwa kwa kuupinga utawala wa makaburu, alikuwa amejificha darini. Polisi walipoingia, mama yao alimketisha Nokwezi kwenye piano, akamnong'oneza, "Piga, mwanangu. Usikosee, wala usigeuke." Akapiga wimbo wa kanisani huku buti zikipita nyuma yake. Mstari wa tatu kidole kikateleza. Papo hapo buti zikasimama, mtu akasema kitu, na Mncedisi akateremshwa. Alifungwa miaka miwili. Nokwezi hakuwahi kumwambia mtu kuhusu noti ile.

Kesho yake alimfuata Mncedisi nyumbani kwake. Alimkuta uani, kichwa ndani ya gari bovu.

"Kaka, siku ile walipokuchukua. Nilikosea noti."

"Noti ipi?"

"Kwenye piano. Nilikosea, wakatazama juu."

Mncedisi akaweka spana chini. "Kwani ulikuwa unapiga piano?"

"We! Si mama alinituma?"

"Mimi sikusikia piano. Nilisikia moyo wangu tu. Nokwezi, mguu wangu ulitoboa dari! Vumbi lilimmwagikia askari kwenye kofia. Miaka yote hii umejitwika mguu wangu?" Akaanza kucheka, kisha akamwona uso, akamkumbatia kwa mikono yake ya grisi.

Ungedhani hofu iliishia pale. Wapi! Asubuhi ya Jumapili ile ya Agosti nusura ampigie Tata Gqola simu ya kujitoa.

Ukumbini aliupiga wimbo vizuri mpaka ilipofika zamu ya kusema ya kwake. Vidole vikaganda. Besi na ngoma zilizomsindikiza ziliendelea kupigwa zikimsubiri, mtu wa nyuma akauliza, "Mama kasinzia?" Mwishowe akagonga noti moja. Haikuwa yenyewe. Akasubiri buti zisimame nyuma yake. Hakuna kilichosimama. Mpiga ngoma alikuwa akitafuna peremende. Nokwezi akagonga nyingine, na nyingine, kama kumi na mbili hivi, kisha akaurudia wimbo, fulana imemgandama mgongoni kwa jasho.

"Ilikuwa mbaya," akamwambia Tata Gqola.

"Mbaya kabisa. Alhamisi uje mapema."

Alikwenda, na anakwenda mpaka leo. Mwezi Oktoba akaomba ruhusa ya kutundika mchoro mmoja wodini kila Jumatano na kuwauliza wagonjwa wanaona nini. Wiki ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Wiki ya pili bibi mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu Juni, alimnyooshea kidole mtoto aliyechorwa kando ya barabara, akasema, "Huyu ana njaa." Nokwezi akavuta kiti, akaketi karibu naye.