Adui Tuliyemwita Mara Tatu

Dini yetu ilikuwa na waumini wawili, mimi na dada yangu, na mahali pake pa ibada palikuwa nyuma ya jiko letu, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi. Ukisimama pale juu ya tofali, unaona bomba la moshi la kiwanda cha shaba. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Mungu wetu aliishi ndani ya bomba lile. Likitoa moshi, yuko macho. Miaka ile kiwanda kilikuwa kinakufa, kwa hiyo alilala wiki nzima.

Sheria zote alitunga dada. Askari wetu, yaani mimi, alililiwa matanga kabla ya vita, kwa sababu mtu aliyekwisha kuliliwa haogopi tena. Nililazwa chini, nikapakwa majivu kwenye paji la uso, nikafunikwa kitenge cha mama. Dada akanililia polepole kama wanawake wa msibani, akitaja mema yangu: nilijua kubeba maji bila kumwaga, sikuwa mchoyo wa karanga. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha nikaamka, tukaelekea upande wa barabara kuu, tukamwita adui mara tatu aje: "Kuya, tuko hapa." Kumpiga adui ambaye hukumwita ilikuwa dhambi.

Adui ni nani, hatukujua. Babu yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, na sasa watu wenye majina kama yetu walikuwa wanaambiwa warudi kwao. Baba, aliyekuwa karani, alikuwa amekwisha kufukuzwa kazini. Lakini mama ni mtu wa hapo karibu, Kapolowe, nami nilidhani hayo hayatuhusu.

Siku ya tatu baada ya kuita, mchana, wakaja watu wengi. Walitokea barabara kuu, wakigonga mabati na kuimba. Mama alitusukuma chini ya kitanda pamoja na baba. Sikuwa nimewahi kumwona baba amelala kifudifudi. Mguu wake mmoja haukuenea, ukabaki nje na kiatu chake. Jiwe likavunja kioo. Nilijikojolea, na mkojo ukafika kwenye shati lake.

Hapo nikamsikia dada ameanza kumlilia baba, kwa sauti ileile ya nyuma ya jiko, akitaja mema yake: alijua kuandika vizuri, hakutupiga hata siku moja. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma, lakini sikumwachia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Munatafuta nani?" aliuliza.

"Bwana yako. Arudie kwabo."

"Kwabo ni wapi? Alizalikia hapa hapa, ku Panda. Na minye ni mutoto wa Kapolowe. Hii nyumba ni yangu."

Aliendelea kwa lugha ya Kapolowe, ambayo nao waliisema, na sauti za nje zikapungua kidogo. Walichukua baiskeli na redio ya sebuleni bila kufika chumbani, na kutoka uvunguni nilimwona mmoja akienda na redio begani. Wakasema wakimkuta baba kesho, watachoma nyumba.

Walipoondoka nilishindwa kutoka uvunguni. Baba, aliyekuwa ametoka, aliinama tena, akanitazama.

"Papa, ni minye niliita bale bantu," nilimwambia.

"Uliita nani?"

Nikamweleza yote, majivu, kitenge, mara tatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Mama, sikia," aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi binti yake. "Bantu hawa banatutafuta tangu mbele weye uzaliwe. Si weye ulibaita."

Nilimwitikia, lakini sikumwamini. Kwa miezi mingi baadaye, nikitumwa kumwita mtu, nilitembea mpaka alipo na kumgusa mkono, nisimwite kwa sauti.

Asubuhi iliyofuata baba alikwenda kituo cha treni, ambako wenzake walikuwa wamelala nje na magodoro yao wakisubiri safari ya Kasai. Sisi tulikwenda kwa ndugu za mama, Kapolowe. Hatukupata habari zake mpaka mvua zikaisha. Dada hakutaja tena dini yetu, wala mimi sikumuuliza.

Baba alirudi mwaka wa pili, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Nyumba ya kambini ilikuwa na watu wengine, tukapanga chumba upande mwingine wa Likasi. Jumapili moja mtu alipiga hodi, akasema amekuja kumsalimia baba. Nilimtambua: ndiye aliyebeba redio yetu begani. Mama naye alimtambua, lakini akampa kiti. Mimi nilijifungia jikoni, na sikutoka mpaka nilipomsikia akiaga.