Kisu Hakijaribiwi

Wazazi walikuja shuleni kwetu mara moja kwa mwaka, mwezi wa Julai, na mwaka ule mimi ndiye niliyewekwa kuwa mdomo wa mkuu wa shule. Yeye alikuwa Mzungu mrefu aliyesema mambo yote kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, kijana wa Kibukusu mwenye hasira za karibu, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuyageuza maneno yake yaingie masikioni mwa wakulima wa Bungoma na wafanyabiashara wa Kikuyu waliotoka Kitale. Nilitumia Kiswahili ili asitokee wa kusema amebaguliwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kidato chetu cha nne kilikuwa chumba kimoja cha vijana wenye ndevu, na mwisho wa mwaka wangefanya mtihani wa cheti, ambao karatasi zake zilitoka Uingereza zikiwa zimepigwa lakiri. Nilieleza masomo ya lazima na ya kuchagua, nani achukue sayansi na nani ashike historia. Kisha nikaeleza lile ambalo mpaka leo linanichoma: mtu akishinda masomo yote halafu akaanguka Kiingereza, hapati cheti.

"Ati hata akijua hesabu kukushinda wewe?" mzee mmoja akauliza.

"Hata akimshinda huyu Mzungu," nikasema.

Watu wakacheka. Mkuu akataka kujua wanacheka nini, nikamwambia wameyapenda maelezo yake.

Kicheko hicho hakikudumu. Mkuu aliagiza matokeo ya mtihani wa kujipima, ule wa katikati ya mwaka, yasomwe kwa sauti, kila mwanafunzi asimame jina lake likitajwa. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba kwa watu wetu hilo si jambo dogo. Akaniambia soma. Nikasoma.

Nilipofika kwa kijana mmoja wa kijiji cha Bokoli, nilisita. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Ukimpa chaki alichora Mto Nzoia na vijito vyake vyote bila kutazama kitabu, na nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini Kiingereza kilimkaba koo. Alikuwa ameshinda masomo mengine yote na kuanguka hilo moja, na nilisema hivyo mbele ya watu, yeye akiwa amesimama, na baba yake ameketi kwenye benchi la mbele.

Baba huyo alikuwa nyapara kwenye shamba la mlowezi upande wa Kwanza, ng'ambo ya Kitale. Alikuja na koti la kaki na viatu vilivyong'arishwa. Niliona taya zake zikikazana. Nikakimbilia kuongeza kwamba huu ulikuwa mtihani wa kujipima tu, wa kweli uko mwisho wa mwaka, bado kuna nafasi. Mfanyabiashara mmoja wa Kitale, ambaye mwanawe pia alikuwa ameanguka, aliuliza tu kama kuna masomo ya ziada, akaketi akiwa ameridhika.  Nyapara aliinuka, akapita katikati ya mabenchi, akamshika mwanawe mkono, wakaenda bwenini, na muda si muda tukawaona wakitoka langoni na sanduku la bati.

Mkuu akaniuliza, "Hakuelewa?"

Alielewa sana. Sisi Wabukusu tunatahiriwa tukiwa wima, mchana peupe, ukoo mzima ukikukodolea macho usoni. Siku hiyo tunaiita embalu. Ukipepesa jicho, umepepesa. Watakaokuja kuzaliwa baada yako watasimuliwa. Hakuna siku nyingine ya kusahihisha. Kwa mzee yule, mwanawe alisimamishwa mbele ya watu, akaulizwa, akatikisika. Baada ya hapo ningemweleza nini habari ya kujipima?

Mkuu alitoa amri yake bila kupandisha sauti: asiyeitikia jina siku ya kwanza ya muhula wa tatu atafutwa katika watahiniwa. Na likizo ya Agosti ni fupi. Nilipanda basi la Kitale kumfuata kijana wangu, nikiwa na hasira na kila mtu, na wa kwanza alikuwa mkuu.

Kutoka Kitale nilikwenda Kwanza kwa baiskeli ya kuazima. Mahindi ya walowezi yalikuwa yamenipita kimo pande zote mbili za njia, na nilitazama nyuma kila mara, kwa kuwa mwalimu mweusi mwenye tai akikutwa kwenye shamba la Mzungu bila kuitwa alikuwa mtu wa kushukiwa siku zile. Nilimkuta kijana wangu kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa, amevaa kaptura iliyochanika, anabeba madebe ya maziwa kwenda kwenye mashine ya kutenganisha krimu. Aliponiona aliinamisha kichwa.

Baba yake akatoka nyuma ya zizi. Sote tulikuwa Wabukusu, lakini alinisemesha Kiswahili, kile cha shambani anachowaamrishia vibarua. Kwa Kibukusu angelazimika kuniuliza kwanza habari za nyumbani kwetu.

"Mwalimu, umepotea njia?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto, mzee. Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo."

"Huyu amemaliza shule. Si wewe ulisoma?"

"Nilisoma mtihani wa kujipima. Ule mwingine haujafanywa."

"Sasa wewe mwalimu, umetahiriwa?"

"Nimetahiriwa."

"Walikukata kidogo kwanza waone kama utalia?" Aliniangalia mpaka nikaona haya. "Kisu hakijaribiwi. Mtu anaulizwa mara moja tu. Huyu aliulizwa, na watu wa Bokoli walikuwa hapo wanaona."

Nikapandwa na mori. Nilimwambia kwamba karatasi si kisu, kwamba anaharibu maisha ya kijana kwa ujinga. Neno hilo lilinitoka, na mkewe aliyekuwa akiosha madebe akaacha kuosha. Nyapara hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba mdogo wake kijana huyu anatahiriwa wiki hiyo nyumbani Bokoli, na kwamba hana nafasi ya kusikiliza matusi.

"Kama uko na maneno mengine, kuja huko uyaseme mbele ya wazee. Si unapenda kusoma watu mbele ya watu?"

Nilirudi Kitale nikijikanyaga kwa mawazo. Kuna kitu nilikijua na sikuweza kukishika. Usiku nililala vibaya, na Ijumaa nilikwenda Bokoli bila kujua nitasema nini.

Siku moja kabla ya kisu, mtahiriwa hupelekwa kwa mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba huchinja ng'ombe, na kabla ya kumvisha kijana kipande cha nyama shingoni, humtukana. Humwambia yeye ni mwoga, arudi akanyonye, kwao hakuna mwanamume aliyewahi kuzaliwa. Humzaba makofi. Nilifika wakati mjomba ameanza. Alikuwa mtu wa kifua, mikono yake ina damu ya ng'ombe hadi kwenye viwiko, na kofi lake lilisikika mpaka kwa walioketi mbali. Yule mtahiriwa alikuwa mdogo wa mwili. Kofi la pili lilipompata, machozi yakamtoka, yakachora mistari kwenye unga aliopakwa usoni. Nikamtazama baba yake.

Nyapara alikuwa anacheka!

"Mwache alie leo," alimwambia jirani yake. "Amalize yote hapa. Kesho hatakuwa na machozi."

Nikasimama kabla sijafikiri. Laiti ningefikiri, ningeketi.

"Mzee," nikasema, "huyu amelia. Mbona humrudishi nyumbani?"

Kengele alizokuwa akitikisa mtahiriwa mikononi zikanyamaza. Wanawake waliokuwa wakiimba wakakata wimbo katikati. Kumtaja mtahiriwa kwa machozi siku hiyo ni kumtakia mabaya, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo, pamoja na mimi. Mjomba alinijia na mikono yake ile.

"Wewe umetumwa na nani? Unataka mtoto wetu aangushwe kesho?"

Nyuma yangu mtu alisema nipigwe. Mwingine akasema nitoe mbuzi kwanza halafu nipigwe. Niliogopa sana, lakini kurudi nyuma kulikuwa kumeshindikana. Nikasema kwa sauti, kwa Kibukusu, macho yangu kwa baba peke yake:

"Ninauliza kwa sababu kaka yake naye alizabwa kofi na mjomba mwezi wa saba. Mjomba wake ni ule mtihani niliousoma. Akalia. Na wewe ulimchukua kabla kisu hakijafika. Ni baba gani anamtoa mwanawe kwa mjomba akampeleka kukamua ng'ombe?"

 Yule kijana mkubwa alikuwa amesimama kando ya ghala la mahindi, na watu wote waligeuka kumtazama. Baba yake hakumtazama. Alimwambia mjomba aendelee na kazi yake, aniache. Jioni nzima hakunisemesha, na chakula nililetewa na mtoto mdogo, peke yangu, kama mgeni asiyejulikana kwao.

Sitaficha kwamba asubuhi iliyofuata nilimwomba Mungu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kama mdogo yule angepepesa jicho, lawama ingekuwa yangu, na kaka yake asingeona tena ubao wa darasa. Walimleta kutoka mtoni amepakwa matope, akaja akasimama wima, mikono juu, macho kwenye mlima ulioonekana kwa mbali. Baba yake alisimama mbele yake hatua chache, uso kama jiwe. Ngariba alifanya kazi yake. Kijana alisimama kama nguzo ya boma, hata kidole hakikucheza. Firimbi ikalia kutangaza kwamba imekwisha, wanawake wakapiga vigelegele, mjomba akaangua kilio cha furaha, naye mtu mzima.

Katikati ya makelele hayo nyapara alinipita, akaenda kwa mwanawe mkubwa.

"Chukua sanduku ndani," akamwambia. "Mwalimu wako anangoja."

 Tuliteremka kuelekea barabara ya Bungoma, kijana na sanduku lake kichwani, mimi nimejaa ushindi na kuzungumza mno. Nilikuwa nampangia saa za kusoma Kiingereza. Akasimama.

"Mwalimu, na nikianguka ule wa kweli?"

"Hutaanguka."

"Lakini nikianguka. Si umemwambia baba ule mwingine ndio kisu?"

Ushindi wote ukaniyeyuka. Nilikuwa nimempata kwa maneno hayo, na kwa maneno hayohayo nilikuwa nimemfungia mlango nyuma yake. Akianguka sasa, hakuna mjomba wa kusingizia. Nilitaka kumwambia uongo, ulimi ukakataa.

"Ukianguka," nikasema, "nitakwenda mwenyewe kumwambia baba yako."

"Na mimi?"

"Tutakwenda wote."

Aliitikia jina siku ya kwanza ya muhula. Alisoma mpaka akakonda. Kila jioni alikuja nyumbani kwangu na insha, nami nilizijaza wino mwekundu, na siku nyingine nilimfokea, maana kila nilipoona kosa nilimwona baba yake. Alifanya mtihani. Krismasi ikapita, matokeo yakawasili, na mkuu wa shule aliniita ofisini nikaone mwenyewe. Masomo mengine yote alikuwa amepita. Jiografia aliongoza shule nzima. Kiingereza alianguka, na cheti hakuna.

Niligonga meza ya mkuu kwa ngumi. Alisema kanuni si zake.

Tulikwenda Kwanza, sisi wawili, kama nilivyoahidi. Ilikuwa msimu wa kulima, vumbi la trekta limetanda, na nyapara alikuwa ukingoni mwa shamba na kofia yake mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Bungoma. Nilipomwona sikuyaona tena.

"Mzee, ameanguka," nikasema. "Ni Kiingereza tu. Lakini ndiyo, ameanguka."

Alimgeukia mwanawe. Alimtazama usoni, muda mrefu, vile alivyomtazama mdogo wake siku ya kisu. Kijana hakuinamisha kichwa safari hii. Midomo ilimtetemeka, machozi yalimshuka waziwazi, lakini macho yake yalibaki kwa baba yake. Nilijiandaa kusema, kugombana, kupigwa ikibidi.

Mzee akavaa kofia, akaivua tena.

"Mwalimu," akaniambia kwa Kibukusu, polepole, kama mtu anayeuliza jambo la aibu, "huu mtihani wenu, mtu akianguka, unaweza kurudiwa?"

"Unarudiwa, mzee. Anaweza kuufanya tena mwisho wa mwaka huu."

"Kiingereza peke yake, ama yote?"

Nikamwambia ni lazima arudie masomo mengine pia, na nikamweleza kwa nini. Alimwashiria dereva wa trekta azime mashine, akaketi kwenye tuta, akatuonyesha mahali pa kukaa.

"Anza mwanzo," akasema. "Nieleze polepole."