Moshi wa Kahaso, Mbegu za Majirani

Wananchi wote, wenye mashamba na wasio na mashamba, mnatangaziwa rasmi kwamba hazina kuu ya kijiji hiki, bara ya Msambweni, iko salama salimini. Inalindwa usiku na mchana. Haijawahi kuvunjwa na mwizi wala kukaguliwa na serikali.

Hazina yenyewe ni kibanda cha jikoni, na mlinzi wake anakohoa.

Ni saa kumi alfajiri. Kahaso Menza, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto. Ametia majani mabichi ya mwarobaini juu ya kuni, na moshi mzito unapanda hadi kwenye uchaga wa fito chini ya paa. Huko yananing'inia mahindi ya mbegu ya nyumba kumi na nne, mafungu kwa mafungu, meusi kwa masizi kama matako ya chungu.

"Moshi ukinitoa mimi machozi, fukusi naye hakai," anasema, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Nalia mimi ili mbegu zisiliwe. Ni kazi kama kazi nyingine."

Kazi inayomlisha ni mbaazi za nazi na mahamri, anayowauzia walimu na waendesha bodaboda kando ya barabara. Siku njema humwachia shilingi mia tano hivi. Siku mbaya humwachia mbaazi.

Kwa kuwa moto wake huwashwa kila alfajiri, majirani waliona zamani kwamba hakuna uchaga wenye moshi wa kuaminika kama wake. Kila wakivuna huchagua mahindi yaliyojaa vizuri na kumpelekea. Hakuna anayelipa. Kila nyumba huleta mzigo wa kuni kwa zamu, na aliyeishiwa na mbegu hupewa, akarudisha akivuna.

"Mbegu ya duka ni nzuri," asema jirani yake Mulinge, ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba hapa. "Lakini inataka pesa kabla ya mvua, na pesa yangu huja baada ya mvua."

Mboga pia hawanunui. Kahaso na Kalekye, mkewe Mulinge, hupita vichakani wakichuma mchunga na mnavu, wakisengenya njia nzima, na vikapu hurudi vimejaa.

Januari mambo yaliharibika, na kilichoyaharibu ni mapenzi. Sanga, mwanawe Kahaso, mpishi katika hoteli moja ya Diani, alichoka kumsikia mama akikohoa kwenye simu. Akamletea jiko la gesi na mtungi wake. Majirani walikuja kuutazama moto wa buluu, wakapiga vigelegele, wakaacha kuleta kuni.

"Nilijiona bibi arusi," Kahaso anakumbuka. "Mahamri yanaiva, macho makavu, nguo hazinuki. Hakuna aliyekumbuka kutazama juu. Hata mimi mwenyewe."

Aliyetazama juu ni Kalekye. Alikuja mwezi Machi kuomba chumvi, akaona unga umetanda juu ya kifuniko cha sufuria.

"Mama Sanga, huko juu umeajiri mtu wa kusaga?"

"Wa kusaga nini tena?"

"Mbegu zetu."

Masika ilikuwa mlangoni. Mahindi yakashushwa, yakaanikwa, yakakung'utwa. Yaliyotobolewa walitupiwa kuku, ambao ndio pekee waliofurahi kijiji kizima. Yaliyosalia yalifungwa upya, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba yangali hai. Fukusi akishataga ndani, mbegu haionyeshi usoni.

"Wangenitukana, ningelala," asema Kahaso. "Lakini asubuhi yake nilifungua mlango nikakuta kuni. Mizigo imepangwa mpaka kwenye banda la kuku, na hakuna aliyesema neno. Siku hiyo nililia bila moshi."

Moto haujazimika tangu hapo. Mulinge alimtobolea dirisha, ili moshi upande juu na Kahaso apumue chini. Sanga alipokuja kutembea, alilikuta jiko la gesi pembeni, limebeba sinia la mahamri.

"Shikamoo, mama. Sasa gesi nilikununulia ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ya kuwekea sinia. Mungu akuzidishie, haitingishiki."

Mvua iliponyesha mwezi Aprili, majirani walipanda kwa mweria: leo wote shambani kwa huyu, kesho wote kwa yule. Kalekye huiita mwethya kwa Kikamba chake, na jasho ni lilelile. Kila mtu alipewa mstari na kibaba cha mbegu. Agizo lilikuwa moja: mbegu tatu kila shimo.

Kisha wakangoja. Kila asubuhi Kahaso aliinama juu ya udongo kabla ya kukanda unga, akarudi jikoni. Safari hii chakula cha nyumba kumi na nne kilikuwa kimelala chini ya jina lake.

Wiki hii vichwa vya kijani vimetokeza. Shimo hili mahindi mawili, lile matatu, pale moja. Kahaso anapita mistari polepole, midomo ikicheza kwa kuhesabu.

"Alhamdulillahi," anasema. "Sasa nitawaomba tujenge kibanda cha moshi, tuuchunge kwa zamu. Sanga ana nyumba Diani na sijawahi kulala kwake hata usiku mmoja. Naogopa kuuacha moto."

Kabla hajamaliza, Mulinge anapiga kelele kutoka ukingoni mwa shamba lake.

"Mama Sanga, kuja uone! Hii ni nini?"

Katika shimo moja limeota kichaka cha mahindi, yamebanana kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula. Mbele yake ni udongo mtupu hadi mwisho wa mstari.

"Hapa mlipanda au mlizika gunia?" auliza Kalekye.

Kahaso anapiga magoti, anayatenganisha kwa vidole. Mengi mno, na yote mazima. Anaanza kucheka hadi leso inamteleza kichwani.

"Hata zilizozikwa zimefufuka! Basi mbegu zangu ni nzima." Kisha anainua uso. "Mstari huu ulikuwa wa nani?"

Kalekye anamnyooshea kidole mwandishi wa makala haya, aliyekuja likizoni kutoka shule ya bweni na ambaye, kwa wakati huo, alikuwa akiandaa swali zito kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa.

Mwandishi anakiri. Jua lilikuwa kali, kibaba hakikuwa kikipungua, na mbaazi zilikuwa zimeshaanza kunukia.

"Haya, mwanangu," asema Kahaso, akimkabidhi jembe. "Yang'oe taratibu, uyapande upya moja moja. Mbaazi utazikuta."

Makala haya yamechelewa kufika kwa mhariri kwa sababu hiyo.