Mabega Manne ya Kijiji

Majina siandiki. Kazi zao naziandika, na wakisomewa watajijua: wakala, mheshimiwa wa daraja, na mandub, huyu mtu wa kampuni anayeshughulikia viza zetu na kutufungia pasipoti.

Mwenzangu wa chumba hapa kambini Al Quoz, Uarabuni, ni Mhindi wa shamba. Jukwaa la ujenzi lilipotuangukia, yeye ndiye aliyenifukua kwa mikono yake, mimi mtu mzima nalia kama mtoto. Tangu hapo chai tunapika sufuria moja, na kijiji chao nakijua kama nimezaliwa huko. Nyumba zake hazijazi mtaa mmoja wa kwetu Tanga. Basi la mjini linaishia njia panda. Kutoka hapo ni miguu yako, pembeni mwa miwa, mpaka mtoni. Daraja hakuna. Kuna magogo mawili. Kila uchaguzi mheshimiwa anafika ng'ambo ya upande wa barabara, anaahidi daraja, anarudi garini viatu vikavu.

Na pa kuchomea maiti pako ng'ambo hiyohiyo. Kwa mila yao maiti anabebwa mabegani na wanaume wanne, moto anauwasha mtoto wa kiume. Sasa hao wanaume wako wapi? Wakala wa ajira kawazoa, kawaleta huku. Alianza na mmoja, akarudia ndugu zake, akamalizia na mashemeji. Nguvu yote ya kijiji kile imelala vyumba viwili vya kambi yetu. Kule wamebaki wazee, wanawake na watoto.

Baba yake alifariki Jumamosi asubuhi. Dada mtu akapiga simu: "Tutamsubirisha mpaka kesho mchana. Zaidi ya hapo joto halitukubalii." Binamu yake wa mjini, anayefanya kazi Al Jaddaf hapahapa jijini, akamkatia tiketi ya jioni ileile. Ikabaki pasipoti, nayo iko kwenye sefu ya mandub. Sheria ya hapa inamkataza kuishika. Anajua. Anaishika.

Ofisini tukaambiwa yuko hotelini Marina, mtaa wa matajiri, anakula na wageni. Tukapanda teksi. Mlangoni mlinzi Mkenya akatutazama miguuni. "Wazee wangu, na hizo buti za saiti? Mnataka nifutwe job?"

"Ndugu yangu, huyu kafiwa na baba."

Akaangalia kulia, kushoto. "Piteni huku basi. Mimi sijawaona."

Mandub hata uma hakuuweka chini. "Ofisi imefungwa, rafiki. Bukra, kesho, inshallah."

"Sir, ndege ni leo," mwenzangu akasema. "Kule hakuna wa kumbeba."

"Kijiji kizima kinakosa watu wanne?"

Wageni wakacheka. Hapo nikapandwa na hasira. "Wanne unao wewe," nikamwambia, "umewafungia kwenye sefu!"

"Na wewe nani? Khalas, toka!"

Tukatolewa. Ndege ikaondoka.

Jumapili mchana simu ikalia, ya video. Mbele wazee wawili, nyuma dada mtu na wifi yake, machela mabegani. Juu ya magogo mzee mmoja goti likamgoma, machela ikalala upande. Dada akapiga kelele, "Shikeni! Shikeni!" Wakashuka majini, wakamvusha maji yakiwafika kiunoni. Moto aliuwasha yeye, binti. Na huku chumbani wanaume wa kijiji kile wamekaa vitandani, mabega mapana, wanatazama kioo cha simu. Mmoja aligeukia ukutani.

Bado tumekaa hivyo, mandub akasukuma mlango, pasipoti mkononi, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. "Haya, yalla! Nenda ukamzike mzee."

Mwenzangu hakunyoosha mkono. "Sir, nikambebe nani?"

Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akangojea tumshukuru.

"Kama huitaki, shauri yako," akasema. Akairudisha mfukoni, akaondoka nayo.