Kikapu Kilichoongea

Shule ilidai kimya, na mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum aliivunja amri hiyo kila asubuhi. Alipindua kikapu cha kuchumia chai, akakipiga kwa viganja vyenye udongo wa somo la kufinyanga, akifuata jinsi kila mtoto anavyoyumba. Hakuwahi kumwambia mtoto atulie. Siku moja mchuma chai alikuja kumwondoa bintiye, Chelang'at.

"Huyu haongei, mwalimu. Ananiaibisha bure."

Chelang'at alipiga kikapu mara mbili, akamkazia mama macho, akangoja.

"Mjibu, Mama Chelang'at! Anakuongelesha!"

Mama akapiga. Binti akacheka, akapiga tena, na darasa zima likaitikia kwa madawati! Chelang'at alibaki shuleni. Kwa kelele hizo mwalimu alinyimwa cheo cha naibu mwalimu mkuu, na hakukipata kamwe.