Niliumwaga unga wa mdogo wangu chooni, na tezi zake hazikuamka

Wakuu, nawasalimu nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Ninayoyaandika niliyashuhudia kwa macho yangu, na sehemu kubwa niliyatenda kwa mikono yangu. Sitaongeza wala kupunguza, hata pale ukweli unaponielemea mimi mwenyewe.

Kwanza, hali ilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja hapa Tinde. Mdogo wangu Masunga alikuwa mchimbaji kule Masumbwe. Kazi yake ilikuwa kushuka duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, na kupasua mwamba kwa nyundo na tindo. Kazi hiyo ilimla mgongo na magoti.

Kwa miaka miwili alikuwa akitumia unga wa kahawia, kijiko kimoja kila asubuhi ndani ya uji. Aliununua mnadani kwa mtu aliyeapa kwamba ni mizizi mitupu. Maumivu yalikoma. Zaidi ya hayo, alinenepa: uso ulijaa, tumbo likatoka, mabega yakapanda nyama, ila miguu ikabaki myembamba.

Huku kwetu mtu akinenepa hatumuulizi anaumwa nini. Tunampongeza.

"Bhebhe, wewe Masunga, mwamba umekutemea nini huko chini? Mbona mashavu yanazidi sahani?" wenzake walimtania. Naye alicheka, akawaacha waamini kwamba ni dhahabu.

Mimi sikucheka. Alipokuja kumsalimu mama yetu, niliutambua ule uso, na ile michirizi ya zambarau tumboni. Ni sura ya mtu anayekula vidonge vya steroidi. Nilimuuliza mfamasia mmoja, akaniambia kwamba unga wa namna ile mara nyingi husagwa pamoja na vidonge hivyo.

Nilimwomba mkebe wa ule unga.

"Kaka, huu ndio unaonishusha shimoni na kunipandisha," alisema.

"Ndio utakaokuzika," nilimjibu.

Niliumwaga chooni mbele ya mama, kisha nikamwapisha asinunue tena. Mama alinishukuru. Nilijiona nimeitendea haki elimu yangu.

Hapa niruhusuni nieleze somo ambalo nimeliandika ubaoni kwa miaka zaidi ya kumi na tano.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Hutoa homoni ya kotisoli, ambayo husaidia kushikilia presha na sukari ya damu pale mwili unapokutana na homa, jeraha au njaa. Katika kazi hiyo adrenali haijiamulii. Huamriwa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Steroidi, dawa inayoiga kotisoli, inapoingia kutoka nje siku baada ya siku, pituitari huona damu imeshiba, ikanyamaza. Adrenali isiyoamriwa kwa muda mrefu husinyaa.

Ni kama maksai aliyekaa zizini misimu miwili. Huwezi kumfunga plau asubuhi moja ukamtaka alime ekari nzima. Ndiyo sababu dawa hizo hupunguzwa kidogo kidogo, mkononi mwa daktari, wala hazikatwi kwa siku moja.

Hayo yote niliyajua. Yalikuwa kwenye madaftari ya wanafunzi wangu, nimeyasahihisha kwa wino mwekundu. Lakini nilipoushika ule mkebe niliona sumu tu, na sumu humwagwa.

Siku ya nne, Masunga akiwa amesharudi Masumbwe, mkewe, Mama Kulwa, alinipigia simu.

"Shikamoo shemeji. Baba Kulwa anatapika. Akisimama anaona giza."

"Marahaba. Mwili unatoa sumu. Vumilieni."

Siku ya saba alipiga tena. Masunga alikuwa amekonda, hali chakula, na homa imempanda.

"Shemeji, anaomba ule unga. Anasema hata nusu kijiko."

"Usithubutu!"

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda Masumbwe. Nilimkuta katika zahanati, midomo mikavu, mkono wake baridi kama udongo wa shimoni. Kipimo kilikuwa kimeonyesha malaria, na matibabu yake yalikwisha kuanza, lakini presha ilizidi kushuka.

Daktari, kijana mpole, aliuliza: "Mgonjwa anatumia dawa nyingine yoyote?"

Nilijibu kabla ya Mama Kulwa. "Hapana. Hatumii dawa yoyote."

Mama Kulwa alinitazama. Alisubiri niendelee. Niliona aibu kutaja unga wa mnadani mbele ya mtu msomi.

Saa nzima ilipita ndipo alipovunja heshima aliyokuwa akinitunzia. "Daktari, kulikuwa na unga. Shemeji aliumwaga."

Daktari aliacha kalamu. "Aliutumia muda gani?"

"Miaka miwili," alijibu Mama Kulwa.

"Mwalimu, kwa nini hukusema?"

Alikimbilia kabati la dawa, akamchoma sindano ya steroidi, ile ile niliyokuwa nikiipiga vita. Masunga alifumbua macho, akaniuliza kama mama amekula. Kabla ya adhuhuri moyo wake ulisimama.

Wakuu, somo ni hili. Mwenye ndugu anayetumia unga au vidonge vya kunenepesha au vya maumivu ya viungo, na hajui ndani mna nini, asimwachishe kwa nguvu nyumbani. Ampeleke kwa daktari akiwa na mkebe mkononi, na aseme yote, hata yanayomuaibisha. Wenye utaalamu humu wanisahihishe nilipokosea, na aliyepitia kama haya aandike. Nitasoma kila neno.

Masunga tulimzika hapa Tinde, kando ya baba. Wachimbaji wenzake walikuja na lori, wakachimba kaburi wao wenyewe, wakakataa kupokezana sepetu nami. Mmoja wao alisema nikisikia: "Mnene tulikuwa naye sisi. Mwalimu ndiye aliyemkondesha."

Nimeichunguza kauli hiyo kwa miezi mingi. Sijaona kosa ndani yake.